Kurasa Kumi na Sita

Kitabu kina kurasa mia nane na kumi na mbili,
jalada halipo. Kalunde wa dirisha la tiketi
alikiokota behewa la tatu, treni ya Mpanda,
akakinusa, akasema: kinanuka samaki na sabuni,
chukua wewe unayekesha.

Nakesha kweli. Maabara ya Isevya, zamu ya usiku,
kiti cha miguu mitatu na tofali,
friji linalokoroma kama mgeni aliyeshiba,
na hadubini niliyoifunika kwa kanga ya mama,
ile ambayo maneno yake yamefutika nusu.

Humo kitabuni yumo Nduwa, fundi wa mizani.
Anapima uzito wa viapo.
Kaweka kiapo cha uongo upande huu,
punje ya mtama upande wa pili: mtama ukazama.
Mwandishi hakuruka hata mstari mmoja wa hesabu zake,
kwamba hirizi haiumbi joto wala hailiui, hulihamisha;
ukimtoa mtu homa hapa, mahali fulani
chungu kinachemka bila moto.
Nilirudia ukurasa ule mara nne.

Mwanzoni nilipigana nacho.
Nilisoma kama mkaguzi, kalamu mkononi.
"Haiwezekani," niliandika pembeni, ukurasa wa 41.
"Haiwezekani," ukurasa wa 67.
Ukurasa wa 190 niliandika "labda",
nikaona haya, nikaifuta kwa kidole,
wino ukatapakaa hadi kwenye jina la Nduwa.

Na nani wa kumcheka mwandishi?
Barua yangu ya likizo imesainiwa na Mganga Mkuu,
na mganga mwingine ana kibao njia ya Kipalapala,
hufunga saa kumi jioni kama benki.
Dawa ni ile ya kikopo, dawa ni ile ya pembe,
dawa ni ya mswaki, na ya deni ni kulipa.
Umeme hupasua mninga kule kwenye mizinga,
na umeme huohuo, ukiisha kwenye luku,
twaununua kwa simu, tarakimu ishirini.
Yeye kahangaika kurasa mia nane kuwaoza hawa wawili;
lugha yetu iliwakuta wameshazaa.

Saa nane za usiku akaja Mihayo, mrina asali wa Sikonge,
mwanawe begani, uzi mweusi kiunoni mwa mtoto.
Sikuuliza habari za uzi. Nikachoma kidole,
nikatandaza tone, nikatia rangi, dakika kumi za kungoja,
kitabu gotini, ukurasa wa 304:
Nduwa anashika komeo la chumba
ambamo joto lote lililohamishwa limelala.
Nikageuza.

Ukurasa wa 321. Nduwa yuko jangwani, hana nywele,
anamzika mtu nisiyemjua.

Kumi na sita. Zimeng'olewa kwa adabu, uzi wa jalidi umebaki.

Nikainamia hadubini.
Pete. Pete ndogo za samawati, kila moja na kito chekundu,
ndani ya chembe za duara kama sahani za harusi.
Naziona tangu mwaka wa kwanza chuoni.
Nilizihesabu kama siku zote,
ila niliona haja ya kupunguza sauti.

Mtoto akapewa dawa. Kulipopambazuka paji lilikuwa baridi,
Mihayo akacheka peke yake ukumbini.
Nami nikajikuta langoni, nalitazama sufuria la uji
la mama Nyanzala, linatokota.
Nikachungulia chini yake.
Kuni zilikuwepo. Nikafarijika.
Halafu nikasikitika kidogo.

Kalunde anadhani zile kurasa zilifungia karanga,
Kaliua huko, au Usinge.
Basi siku hizi nikinunua karanga za stesheni
naikunjua karatasi taratibu, nasoma kwanza.
Jana ilikuwa nusu ya mtihani wa sayansi, darasa la sita.
Swali la tisa: Maji ya moto yakipoa,
joto lake huenda wapi?

Mtoto ameacha wazi.